Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Mji Inajengwa Upya, Wakazi Waseme Nini na Lini?

Barua za safari hii zimetoka Iringa, Mbeya, Mafinga, Njombe na Tukuyu, na karibu zote zinauliza jambo moja: bustani za mji na maeneo ya wazi ambayo halmashauri zinapanga kuyajenga upya. Tumekaa zaidi kwenye maswali yenye kazi ndani yake. Mengine jibu lake ni fupi na tumelitoa fupi.

Kamwene wataalamu. Mwenyekiti wa mtaa ametutangazia mkutano wa kutoa maoni kuhusu bustani ya mji. Mikutano ya namna hii huishia kwenye daftari la mahudhurio. Tufanyeje ili tulichosema kionekane kwenye kilichojengwa?
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

Kamwene. Ulizeni kwanza mradi umefika hatua gani, maana uzito wa neno lenu unategemea hilo kuliko wingi wenu ukumbini. Kazi ya aina hii huanza na wazo, ikaja michoro ya awali, kisha michoro kamili pamoja na ule mchanganuo wa kazi, vipimo na bei ambao mafundi huuita BOQ. Hapo ndipo inatangazwa zabuni, na baadaye mkataba. Mkandarasi akishasaini, kusogeza njia ya miguu mita 5 ni kazi ya nyongeza inayodai kibali na fedha, na mhandisi atakataa hata kama moyoni anakubaliana nanyi. Kabla ya BOQ, mita hizo 5 ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza mkutanoni liwe hili: BOQ imeshatayarishwa? Kama imeshatayarishwa, msipoteze saa nzima kubishania mahali pa kuweka lango. Jikiteni kwenye mambo ambayo bado yanaweza kubadilika: aina ya miti, matunzo, saa za kufungua, nafasi za wafanyabiashara.

Angalieni kalenda pia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na halmashauri hujadili bajeti zao miezi kadhaa kabla. Ombi la Oktoba lina nafasi ya kuingia. La Mei linakuta hesabu zimefungwa.

Ombeni vitu 3 kwa barua: mchoro wa eneo lilivyo sasa, unaoonyesha kila mti mkubwa na kila mfereji, mchoro wa kinachopendekezwa, kwa kipimo kilekile ili mviweke kimoja juu ya kingine na kuona kinachoondoka, na kurasa za BOQ zinazohusu udongo, maji ya mvua na upandaji. Zile picha za rangi za kompyuta zenye miti iliyokwisha kukomaa hazina vipimo, msizitolee maoni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kumjibu raia aliyeomba. Pelekeni barua mapema, na nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi.

Kisha hesabuni watu. Vikundi vingi vya wakazi huenda mkutanoni na hisia, ilhali hesabu ya siku 3 ingewapa nguvu ambayo hakuna ofisa anayeweza kuipuuza. Chagueni siku moja ya kazi, Jumamosi na Jumapili. Kila siku hesabuni mara 4, nusu saa kila mara: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni na saa 1 usiku. Kila lango liwe na mtu mmoja mwenye karatasi ya safu: watoto, wanafunzi, vijana, wazee, kinamama wenye watoto mgongoni, wenye mizigo, wenye kiti mwendo. Safu ya mwisho iseme kama mtu anapita tu au anakaa. Mtu mwingine azunguke ndani akiandika waliokaa wamekaa wapi: benchi lipi, kivuli kipi, ukingo upi. Mwisho chora kwenye ramani zile njia za mkato zilizokanyagwa kwenye nyasi. Njia ya mkato ni maoni ya watu wengi yaliyoandikwa kwa miguu, na mchoro ukiipuuza, maua yatakayopandwa pale yatakanyagwa ndani ya mwezi mmoja.

Hesabu hii inawaleta pia wale ambao mkutano wa saa 4 asubuhi siku ya kazi hauwezi kuwapata: mwanafunzi anayesoma pale jioni, muuza matunda, mama anayekatiza akitoka sokoni. Na ile hesabu ya saa 1 usiku itawaonyesha jambo kubwa. Kama wanawake 30 wanapita jioni na usiku hapiti hata mmoja, mmeshapata hoja ya taa, na mnajua ziwekwe kwenye njia ipi.

Maoni yenyewe yaandikwe kwa namna ambayo fundi anaweza kuyafanyia kazi. Mkiandika "tunataka vivuli", atakayeyasoma atakubali kwa kichwa na kuendelea. Mkiandika "mabenchi 6 ya upande wa barabara yanapigwa na jua kuanzia saa 8 mchana, tunaomba miti 6 ya kivuli ipandwe mita 3 magharibi ya mabenchi hayo", mmempa mstari wa kuingiza kwenye BOQ. Kila ombi liseme ni wapi, nini, kiasi gani na kwa nini. Ukurasa 1 au 2 unatosha. Kabla mkutano haujafungwa, muhtasari usomwe kwa sauti na yaliyokosewa yarekebishwe hapohapo.

Kutoka mtaani karatasi hiyo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani aifikishe kwenye kamati ya mipango miji na mazingira ya halmashauri, ambayo ndiyo inayochambua mambo haya kabla ya Baraza la Madiwani. Baraza hukutana kila robo mwaka, na mkazi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Watu 10 waliokaa kimya kwenye viti vya nyuma siku ajenda hiyo inapojadiliwa wana faida kubwa, maana diwani anajua kuna wanaomsikia.

Eneo la wazi karibu na kwetu lina matope msimu mzima wa mvua. Mpango ni kuweka pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini, eneo lote. Wengine tunafurahi, wengine wanasema nyumba za chini zitaingiwa na maji. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Ilomba, Mbeya*

Wote mko sahihi, na ndiyo sababu kuweka pevingi eneo lote ni uamuzi mbaya.

Fanyeni hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Eneo la mita 50 kwa 60 ni mita za mraba 3,000. Mvua moja nzito ya milimita 40, na Mbeya mvua ya hivyo si ngeni kati ya Novemba na Aprili, inamwaga hapo lita 120,000. Udongo wenye nyasi kwenye mteremko mdogo hunywa sehemu kubwa na kuachia iliyobaki taratibu. Pevingi iliyoshindiliwa vizuri huachia karibu yote, tuseme lita 100,000, tena kwa mkupuo mmoja. Hayo ni maboza 10 ya lita 10,000 yaliyofunguliwa juu ya nyumba za jirani. Mji umekaa miguuni mwa mlima Loleza, kila kitu kinateremka, na aliye chini ndiye anayelipa.

Matope nayo ni shida ya kweli, ila yako kwenye njia na kwenye malango, mahali penye miguu mingi. Hapo ndipo pa kuweka pevingi: njia kuu za upana wa mita 2 hadi 2.5, uwanja mdogo wa mikutano, mbele ya choo na kuzunguka bomba la maji. Kwa maeneo mengi tunayoyafahamu, theluthi moja ya eneo inatosha na inabaki. Theluthi mbili zibaki udongo ulio hai, na kila njia iteremkie upande wa nyasi kwa sentimita 2 kila mita 1, ili maji yapite kwenye nyasi kabla hayajafika mferejini.

Kwa kuwa mtakuwa mnapita pale kila siku, jueni pia kazi nzuri inaonekanaje. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, unaondolewa wote, sentimita 20 hadi 30, na kulundikwa kando kwa ajili ya bustani. Mkandarasi akiusomba na kuupeleka kwingine, mpigieni kelele, maana baadaye mtaununua. Udongo wa chini unashindiliwa. Inafuata kokoto au kifusi kizuri cha sentimita 10 hadi 15, kikimwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine. Kingo za pembeni zinajengwa kwa zege kabla ya pevingi, kwa sababu ndizo zinazoibana isitambae. Juu ya kokoto unakuja mchanga wa sentimita 3 hadi 4, uliosawazishwa kwa ubao na usiokanyagwa tena. Pevingi za unene wa sentimita 6 zinatosha kwa watembea kwa miguu. Palipo na gari la taka au la maji ziwe sentimita 8. Mwisho mchanga mwembamba mkavu unafagiliwa kwenye viungo, mashine inapitishwa, mchanga unafagiliwa tena.

Pevingi zinazobonyea baada ya mvua ya kwanza karibu kila mara zina chanzo kimoja: fundi ametumia mchanga kusawazisha mashimo ambayo yalipaswa kuzibwa kwa kokoto zilizoshindiliwa. Mahali mchanga ulipofika sentimita 8 au 10, maji yanaingia, mchanga unahama, tofali linashuka. Zinazotambaa pembeni na kuacha nyufa zimekosa kingo. Mkiona matofali yanapangwa na kingo hazijajengwa, mwambieni mtendaji wa mtaa siku hiyohiyo.

Mkandarasi ameahidi kuuacha mti wetu mkubwa uliopo katikati ya bustani, ila atachimba msingi wa jukwaa na mtaro wa nyaya karibu nao. Je, utaishi?
*Msomaji, Gangilonga, Iringa*

Ikiwa atachimba karibu kama tunavyohisi, mti huo utakufa, lakini utakufa baada ya miaka 2 hadi 5, wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka. Ndiyo maana watu husema ni ugonjwa.

Mizizi inayolisha mti haiko chini sana kama wengi wanavyodhani. Mingi imo katika sentimita 60 za juu, na inatandaa mbali kupita kivuli chenyewe. Pimeni hivi: zungusheni futi kamba kwenye shina, kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Gawanyeni mzunguko huo kwa 3.14 mpate kipenyo, kisha zidisheni kwa 12. Shina lenye mzunguko wa sentimita 190 lina kipenyo cha sentimita 60, na eneo lake la kulindwa ni mita 7.2 kila upande. Ndani ya duara hilo kusichimbwe, kusipite gari, kusiwekwe mifuko ya saruji wala mchanga, na zege lisichanganywe hapo, kwa sababu maji ya saruji yanaunguza mizizi. Duara lizungushiwe nguzo na mbao au mabati tangu siku ya kwanza. Kamba ya plastiki inakatika wiki ya pili.

Kosa lingine ambalo halionekani ni kujaza udongo. Fundi anataka bustani iwe sawia, anamwaga kifusi cha sentimita 20 juu ya mizizi na kukishindilia. Mizizi inahitaji hewa. Mti uliozikwa hivyo huanza kukauka kwenye ncha za juu, kisha matawi makubwa, kisha wote. Shina lenye afya hupanuka pale linapoingia ardhini. Mkiona limenyooka kama nguzo ya umeme, limefukiwa.

Mtaro wa nyaya ukilazimika kupita, uchimbwe kwa mkono, na mzizi wowote unaozidi unene wa sentimita 5 usikatwe. Bomba lipitishwe chini yake. Jukwaa lihamishwe. Hilo tunalisema bila kusitasita: jukwaa linajengwa kwa wiki 3, na mti wa shina la sentimita 60 unachukua miongo ya miaka kukua tena hadi hapo.

Ombeni duara mtakalolipata kwa mti wenu lichorwe kwenye mchoro wa mradi, na ulinzi wa mti uwe na mstari wake na bei yake kwenye BOQ. Kazi isiyo na bei haifanywi.

Wanataka kupanda miashoki kuzunguka bustani. Mnaionaje?
*Msomaji, Mafinga*

Mwashoki wa mnara unapendeza kando ya ukuta, lakini haukai mtu chini yake. Ni nguzo ya majani. Bustani ya watu inahitaji taji pana. Kwa baridi yenu ya Juni na Julai pandeni mjakaranda, mgrivelia au mpodo, na penye unyevu pandeni mivengi, ambayo wazee wa nyanda hizi wameitunza kwenye vyanzo vya maji tangu zamani. Mkaratusi usiingie bustanini: unakunywa maji mengi na huangusha matawi mazito bila onyo. Mwarobaini unaopendwa sana Dodoma na Pwani hautaki baridi ya kwenu.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanyeni wa juu na debe 1 hadi 2 za samadi iliyooza vizuri, ndio uingie chini. Kiriba kichanwe chote kiondolewe. Tumeng'oa miche iliyodumaa na kukuta mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama kamba. Pandeni mvua zikishakolea, Desemba hadi katikati ya Januari, ili mche upate miezi 3 ya maji ya bure. Miche ya sherehe inayopandwa Aprili inakutana na kiangazi ikiwa bado haijashika.

Kwenye mkutano wetu wakazi wengi walitaka mama lishe, wauza matunda na wapiga picha waondolewe kabisa eneo likishapendezeshwa. Tuko sahihi?
*Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Tunawaomba mfikiri upya, Ndugu. Bustani yenye mtu anayeuza chai saa 12 asubuhi na mahindi ya kuchoma saa 1 usiku ina macho. Bustani iliyofagiliwa watu ikaachwa na uzio na maua, hasa jioni za baridi ambapo hakuna anayekaa bila sababu, ndiyo inayogeuka maficho. Tena wale wauzaji nao ni wakazi. Wana haki ya kukaa kwenye mkutano huohuo.

Kinachowakera watu kina majina, na kila kimoja kina dawa yake. Moshi: majiko ya mkaa yakae upande ambao upepo unatoka bustanini kwenda nje, chini ya banda la bati lililo wazi pande zote, na kamwe yasiwe chini ya mti, kwa kuwa majivu ya moto yakimwagwa hapo kila jioni yanaua mizizi. Maji machafu: bomba 1 na karo lenye kichujio cha mafuta kwa kila vibanda 6 au 8, vinginevyo sufuria zitaoshewa mferejini. Kuzagaa: nafasi za mita 2 kwa 2 zichorwe sakafuni na kupewa namba, zote zikiwa pembeni karibu na malango, njia kuu ikibaki wazi. Taka: pipa lenye mfuniko kwa kila vibanda 3, na saa ya gari la taka ijulikane. Kijiwe cha bodaboda kiwe nje ya lango, kisizibe mteremko wa kiti mwendo.

Idadi ya nafasi itokane na ile hesabu tuliyoieleza juu. Mkikuta wauzaji 22 na mchoro una vibanda 8, wale 14 hawatayeyuka. Watakaa njiani, na mtarudi kugombana.

Ugonile. Huku mvua haikatiki. Nyasi gani zitafaa kwenye kiwanja cha wazi, na mbona zilizopandwa zimeoza?
*Msomaji, Tukuyu*

Ugonile. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo adui wenu ni maji yaliyosimama. Nyasi za Kikuyu zinapenda baridi na mvua na zinavumilia kukanyagwa, ukoka unafuata. Kilichooza ni mizizi iliyokosa hewa. Tengenezeni mgongo katikati ya kiwanja, uteremke pande zote kwa sentimita 2 kila mita, na chimbeni mitaro ya kina cha sentimita 40 iliyojazwa kokoto kila baada ya mita 6 au 8. Vipandikizi vipandwe kila sentimita 15, na watu wasiingie kwa wiki 8. Msikate chini ya sentimita 4.

Mimi natumia kiti mwendo. Nimeambiwa mradi una "njia ya walemavu". Nitajuaje kama ni ya kweli?
*Msomaji, Njombe*

Chukua futi kamba. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inadai mita 1.8; ngazi 3 zinadai mita 5.4. Wakikuwekea mita 2 kwa ngazi 3, ni kinyume cha usalama: hutaupanda peke yako, na kushuka ni kuanguka. Upana usipungue mita 1.2, kingo ndogo pembeni ili gurudumu lisitoke, mkono wa kushikia kimo cha sentimita 90, na sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini ili ugeuze. Uso wake uwe wa kukwaruza. Zege lililosuguliwa likang'aa, kwa umande wa Njombe, linateleza kama sabuni.

Kisha fuata safari nzima, kutoka barabarani hadi chooni. Mara nyingi mteremko ni mzuri lakini mfereji mbele yake hauna mfuniko, au mlango wa choo una sentimita 70 na unafunguka ndani. Mlango uwe na angalau sentimita 90 na ufungukie nje. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataka majengo na huduma za umma zifikike, kwa hiyo unapoandika barua huombi fadhila. Omba mwakilishi wa watu wenye ulemavu awepo siku ya ukaguzi wa makabidhiano, akiwa na kiti chake.

Tunasikia sehemu ya eneo letu la wazi itajengwa fremu za maduka "ili lijiendeshe". Inaruhusiwa?
*Msomaji, jina la mtaa limehifadhiwa*

Tetesi hazijibiwi kwa tetesi. Nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri mkaulize namba ya mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, muuone. Kama umeandikwa eneo la wazi, basi fremu za maduka ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na chini ya Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, hayafanywi kwa maneno ya mtu mmoja. Yana maombi, tangazo na nafasi ya kupinga. Siku za kupokea pingamizi zinaandikwa kwenye tangazo, nazo huisha haraka, basi pangeni zamu ya kusoma ubao wa matangazo wa kata na halmashauri kila wiki.

Pingamizi lieleze hasara kwa vipimo: mita ngapi za mraba zitapotea, watoto wangapi wanacheza hapo, eneo lingine la wazi liko umbali gani kwa miguu. Kama kuna kijito pembeni, pimeni mita 60 kutoka ukingoni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo.

Hoja ya kujiendesha lakini isikilizwe, kwa sababu bustani inakula fedha. Kibanda 1 cha kahawa, choo cha kulipia na ada za nafasi za wauzaji vinaweza kuilipa bustani bila kuila. Fremu zikishajengwa, ukuta haurudi kuwa nyasi.

Bustani hufunguliwa kwa shangwe, ikifika Septemba imekauka. Tuombe nini kwenye maoni yetu ili isitokee kwetu?
*Msomaji, Mshindo, Iringa*

Ombeni hesabu ya maji kabla ya mchoro kupitishwa. Iringa haipati mvua ya maana kuanzia Mei hadi Novemba, na nyasi za kijani katika kiangazi hicho zinataka kama lita 4 kwa mita ya mraba kila siku. Mita za mraba 1,000 ni lita 4,000 kwa siku. Kwa siku 180 ni lita 720,000, yaani uniti 720. Zidisheni kwa bei ya uniti iliyo kwenye ankara yenu, mtaona kwa nini bomba hufungwa Agosti.

Linganisheni na miti. Mche mmoja unataka lita 20 mara 2 kwa wiki. Miche 40 ni lita 1,600 kwa wiki, dhidi ya lita 28,000 za nyasi zile. Na mche ukivuka viangazi 2 au 3 unajitegemea, nyasi hazijitegemei kamwe. Tungekuwa sisi, tungepunguza nyasi za kumwagiliwa hadi mita za mraba 200 mahali watoto wanapocheza, kwingine tukaacha ukoka uliozoea kukauka na kuchipua wenyewe mvua zikirudi, na fedha iliyobaki tungeiweka kwenye kivuli na kwenye kumlipa mtunza bustani.

Bati la choo na banda vivunie maji. Paa la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 600 linaweza kutoa karibu lita 29,000 kwa mwaka hata baada ya kutoa yanayopotea. Tangi la lita 10,000 linalojaa na kutumika mara kadhaa litawavusha miche hiyo 40 wiki 6 za kiangazi bila kugusa bomba la mamlaka ya maji.

Lililobaki liko kwenye mkataba. Mkandarasi ana kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka 1, ambapo sehemu ya malipo yake hushikiliwa hadi kasoro zirekebishwe. Mara nyingi kasoro zinazotajwa ni nyufa na taa, miti haitajwi. Ombeni iandikwe kwamba mche uliokufa ndani ya kipindi hicho ni kasoro, utapandwa upya kwa gharama yake, na kwamba kipindi hicho lazima kivuke kiangazi kizima. Kazi ikikabidhiwa Februari kwa matazamio ya miezi 6, ukaguzi wa mwisho utafanyika Agosti, na miche itakayokufa Oktoba itakuwa mali yenu. Hesabuni miche siku ya makabidhiano, mmoja mmoja, piga picha kila safu, na karatasi ya idadi isainiwe na mhandisi, mtendaji wa mtaa na wakazi 2.